Mkato hautoshi kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza

Dada, umesema mwanao wa Kidato cha Kwanza anakatwa alama kwa kuandika "The rain stopped, we went home", na huoni kosa liko wapi. Mwalimu yuko sahihi, ila kosa la mtoto lina sababu. Kwa Kiswahili tunasema "Mvua ilikatika, tukarudi nyumbani", na ile -ka- ndiyo inayofunga matukio mawili. Kiingereza hakina -ka-. Kila upande wa mkato una kiima na kitenzi chake, kwa hiyo ni sentensi mbili kamili, na mkato peke yake hauwezi kuzishika.

Aweke nukta na kuanza upya kwa herufi kubwa, au aongeze kiunganishi: "The rain stopped, so we went home." Akianza na "When the rain stopped", mkato unabaki, maana kipande hicho hakijitegemei. Nukta mkato nayo inakubalika, lakini kwa umri wake ningeiacha kwanza.

Achukue insha zake za zamani, na kwenye kila mkato apigie mstari kiima na kitenzi cha kila upande. Tafadhali usimsahihishie, mwache agundue mwenyewe.