Hedifoni za omu 300, udi wa kanda na umeme wa pwani: fundi anajibu

SWALI: Asalam alekum fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Muscat akaniletea hedifoni za Sennheiser HD 600, mpya kwa boksi lake, nikafurahi mno. Lakini nikizichomeka kwa simu kupitia kile kiwaya cha USB-C sauti inatoka ndogo, udi hauna mwili, ni kama unapigwa nyumba ya pili. Nimeuliza dukani nikaambiwa ati hizo bila amplifaya ya wati 50 hazifai kitu, na wao wanayo moja ya valvu, zile taa za gilasi, nikiilipa mwezi mzima nyumbani hatuli. Mi nasikiza taarabu za zamani nilizozitoa kwa kanda, kaswida, na hizi amapiano za vijana kidogo. Nifanyeje? (Langoni, Lamu)

JIBU: Waalekum salaam yakhe. Kwanza pesa zako ziweke, usinunue hiyo ya wati 50, nakusihi kabisa, manake wati 50 ni za spika za harusini, za kuwekwa uwanjani watu wacheze, na hiyo HD 600 haihitaji hata wati moja. Sikiza hesabu yake uone. Hizo zina omu 300, omu ndo kipimo cha vile zinavyouzuia umeme kupita, na Sennheiser wenyewe wanasema zikipewa volti 1 zinatoa desibeli 97. Volti 1 kwa omu 300 ni kama miliwati 3 na kitu, yaani nguvu ndogo sana. Ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 zaidi, ukizidisha tena 6 nyengine, kwa hivyo amplifaya ya kutoa volti 4 inakufikisha 109, na hapo nguvu iliyotumika ni miliwati 53 tu, sehemu ya ishirini ya wati moja! Na desibeli 109 hata si za kusikizia, hizo ni za pale kwenye mpigo mmoja mkubwa wa ngoma basi, manake Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki.

Sasa utauliza, kama volti 1 inatoa 97 mbona simu yangu inanong'ona? Ni kwa sababu hiyo 97 ni pale muziki umerikodiwa mpaka juu kabisa, na vile viwaya vya USB-C vingi vinatoa volti 1 hivi, vyengine nusu yake, halafu wewe unasikiza kanda. Kanda ukiihamisha kwa kompyuta bila kuinua levo muziki wenyewe unakaa chini, pengine desibeli 20 chini ya kilele au zaidi, ndo udi unaenda nyumba ya pili. Kwa hivyo dawa ya kwanza ni ya bure: zirudie kanda zako, inua levo wakati wa kurikodi mpaka kilele kikaribie mwisho bila kupasuka. Dawa ya pili ni kijiamplifaya kidogo cha transista cha kutoa volti 4 kwa omu 300, kiwe kimeandikwa hivyo hivyo kwa karatasi yake, si "nguvu kubwa" tu. Vipo vya saizi ya kibiriti vinavyokula umeme kwa simu yenyewe.

Hiyo valvu sikatai uzuri wake, mi mwenyewe naipenda, lakini nataka ujue inakubaliana na hizo zako kwa sababu gani, manake si wati. Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zina omu nyingi kwenye tundu lake, pale unapochomeka hedifoni, mia na kitu mara nyengine, na kanuni tunayofuata mafundi ni kwamba omu za tundu zisizidi sehemu ya nane ya omu za hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka tundu la omu 4 kushuka chini, ukiipa 120 sauti inapotea na besi inavimba ovyo. Hizo zako hata zikivunjiwa kanuni haziumii sana, kwa sababu karibu na hezi 100, pale kwenye besi, omu zake zinapanda mpaka 500 na kuendelea, kwa hivyo tundu la omu 120 linainua besi kwa desibeli moja hivi tu, na hiyo moja ndo ule ujoto watu wanaousifu, unaousikia kwenye nyuzi nene za udi na kifuani mwa muimbaji. Ni utamu wa kweli. Lakini nyumba zenu za mawe huko Mkomani na Langoni chumba hakina upepo, valvu inawaka kama jiko, na umeme ukizima na kurudi kila jioni valvu ndo wa kwanza kulia. Anza na transista.

Kuhusu muziki wako, mjomba amechagua vizuri pengine bila kujua. HD 600 ilitoka 1997 na mpaka leo nguvu yake ni sauti za kati, pale anapokaa muimbaji, udi na fidla, na huku juu haina makali mengi, kwa hivyo mvumo wa kanda haukusumbui. Kuna mteja wa hapa Malindi aliniletea Sennheiser HD 800, za bei kubwa zaidi mara kadhaa, tukaweka udi wa marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, kutoka kanda, na tulichokisikia mwanzo ni kanda, shshshsh, halafu ndo udi. Tukaweka rikodi mpya ya studio kwa hedifoni hizo hizo, chumba kikafunguka mpaka unajua mpiga dumbaki kakaa wapi. Bei haikuwa na makosa, kanda ndo haikuzifaa. Na kama unasikiza zumari ya ngoma ya kirumbizi au pembe za ngoma ya vugo, kaa mbali na hedifoni za sauti kali ya juu kama za kampuni ya Grado, hizo nazipenda kwa gitaa lakini zumari inakuwa sindano ya sikio.

Amapiano nakwambia ukweli, hizo zako ziko wazi nyuma na besi yake inaanza kushuka chini ya hezi 60 hivi, amplifaya yoyote haitaliziba hilo, wati 50 wala 500. Ukiitaka ile besi ya kutetemeka kuna hedifoni za plana, ambazo badala ya koni zina utando bapa katikati ya sumaku, hizo zinashuka chini zikiwa sawa. Ila angalia, omu zake ni chache lakini zengine zina kiu ya nguvu: HiFiMAN HE-6 ni omu 50 tu na miliwati moja inaipa desibeli 83.5, kwa hivyo kufika 113 na nusu inataka wati nzima. Ndo maana usisome omu peke yake, soma na desibeli.

SWALI: Fundi, mimi nipo Malindi, Barani, nasoma usiku watoto wamelala, nataka za kufunga masikio nisikize kwa simu bila amplifaya. Naona hedifoni za Beyerdynamic DT 770 zinauzwa za omu tatu tofauti, nichukue ipi?

JIBU: Dadangu, chukua ya omu 32, au 80 kama kiwaya chako ni kile cha volti 1. Ya 250 iache, hiyo itakurudisha kwa swali la mwenzako hapo juu. Zimefungwa nyuma kwa hivyo watoto hawatasikia, na besi unayo ya kutosha. Ila huku juu zina ukali, kayamba za ngoma ya mwanzele zinachoma kidogo, punguza kwa ikwalaiza.

SWALI: Ndugu yangu amenitumia amplifaya kutoka Marekani, nikibadilisha plagi tu inatosha?

JIBU: Hapana, usiichomeke! Kule ni volti 120 na hapa ni 240. Geuza nyuma uangalie maandishi: ikiwa 100-240V badilisha plagi uendelee, ikiwa 120V peke yake tafuta transfoma ya kushusha, tena izidi wati zinazoliwa na amplifaya. Nimefungua moja iliyochomekwa hivyo hivyo, transfoma imekuwa mkaa. Na ukishaiweka isiwe dirisha la upande wa bahari, chumvi inakula tundu za jeki kwanza kabla ya kitu chengine, ukisikia sikio moja linakatika katika safisha jeki kwa spiriti ya fundi kabla hujamlaumu mtu.