Kabla hujamwachisha kazi mzee wa getini, soma haya kutoka kwa fundi wa kamera

Mkuu nimeisoma mada yako jana usiku nikaona nisikujibu kwa mstari mmoja, mana ulichouliza ndo kazi yangu ya kila siku. Umesema unamalizia nyumba Madale, plasta bado, unataka kamera, kitasa janja mlango mkubwa, geti la mota na taa za kuwasha kwa simu, alafu ukishafunga vyote umwachishe kazi yule mzee anayelinda saiti ili hela yake ya mwezi ilipie vifaa. Na mwisho ukauliza mdogo wako anayesoma TEHAMA kama ataikuta ajira au hivi vitu vitakuwa vinajiendesha vyenyewe.

Mimi nina miaka tisa humu, nimeanza kwa kuvuta waya juu ya dari, nikaja kukaa ofisini nasimamia mifumo ya wateja, saivi najitegemea. Hivi vitu ndo vinanilisha mimi na wanangu kwa hiyo sikwambii usifunge. Nakuomba mawili tu, huyo mzee usimtoe, na kabla hujalipa hata shilingi ujue ni nani mwingine atakuwa na ufunguo wa nyumba yako.

Nianze na hilo la ufunguo kwa sababu linaniuma mpaka leo.

Kuna kampuni niliwahi kufanya nayo kazi, jina niliache. Utaratibu wetu ulikuwa ukimfungia mteja kamera unamsajilia kwenye akaunti ya ofisi, sio ya kwake, sababu tuliyokuwa tunapewa ni kwamba akipiga simu usiku kamera hazionekani tumsaidie haraka. Pasiwedi za wateja wote zilikuwa kwenye faili moja la Excel, na nyingi zilikuwa pasiwedi ileile, unabadilisha tu namba ya mwisho. Mafundi wote tulikuwa nalo kwenye simu. Mimi nikaacha kazi, nikakabidhi laptopu, nikakabidhi ngazi na drili, nikasaini karatasi, hakuna aliyeniuliza habari ya akaunti na mimi mwenyewe kwa kweli nilisahau.

Miezi kama mitatu baadae, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia kitandani, ujumbe unasema mtu ameonekana sebuleni. Nikabonyeza na usingizi nikidhani ni kamera ya kwangu. Nikaona ile picha ya kijivu ya usiku, mama wa makamo yuko kwenye mswala anaswali, kajitanda kanga, pembeni yake katoto kamelala kwenye kochi kamefunikwa shuka, mguu mmoja uko nje. Nikaikumbuka ile sebule, mimi ndo nilitoboa ule ukuta. Yule mama alikuwa nyumbani kwake na Mola wake, na mimi mwanaume nisiyemhusu nilikuwa namwangalia nikiwa kitandani kwangu. Nimelelewa kwamba kwa mtu huingii bila hodi, na hapo nilikuwa nimeingia mpaka ndani.

Nikapiga ofisini, wakasema wanalishughulikia. Wiki ya pili nikapiga tena, jibu lilelile. Ya tatu nikajaribu kwenye simu ya mke wangu kwa pasiwedi ile ya zamani, ikafunguka. Basi nikamtafuta mwenye nyumba mwenyewe, nikaenda Jumamosi, nikamwelezea kila kitu bila kuficha, nikamtolea mfumo kwenye akaunti ya ofisi nikamwekea kwenye barua pepe yake na pasiwedi akaandika yeye mimi nikiwa nimegeuka. Alinishukuru lakini nilimwona uso ulivyobadilika, akawa anaiangalia ile kamera kama anaiona kwa mara ya kwanza. Wateja wengine niliokuwa nakumbuka namba zao nao niliwapigia. Wapo ambao sikuwapata.

Na hili halijatokea kwetu tu. Mwaka 2023 FTC, ile tume ya Marekani inayolinda walaji, iliibana Ring, ile kampuni ya kamera za milangoni iliyo chini ya Amazon, kwa tuhuma kwamba wafanyakazi na wakandarasi wake waliachiwa waone video za wateja, mpaka za vyumbani, ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Miaka miwili kabla, Machi 2021, kampuni nyingine ya huko inaitwa Verkada, watu waliingia kwenye kamera kama 150,000, hospitali humo, magereza humo, na waliingia kwa kupata akaunti kuu moja tu inayofungua kila mlango. Ni jambo lilelile la faili letu la Excel ila kwa ukubwa wa dunia.

Kwa hiyo siku fundi anamaliza kazi usimwache aondoke kabla hujakaa nae. Akaunti iwe kwa barua pepe yako, pasiwedi uandike wewe, ufungue sehemu inayoonesha watumiaji wote uhakikishe uko peke yako na mkeo. Ukimhitaji siku nyingine umwongeze, akimaliza umtoe. Fundi mzuri hatanuna, akinuna tafuta mwingine. Na kama kuna kampuni inashikilia video zako na haitaki kukwambia wanazifanyia nini, sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake kabisa, unaweza kupeleka malalamiko.

Kamera weka getini, nyuma ya nyumba, na pale unapopaki gari. Ndani hapana. Najua watu wanataka kumwona dada wa kazi anavyomlea mtoto na hofu hiyo naielewa mimi mwenyewe ni mzazi, ila kama lazima uweke basi mwambie yule binti, mwoneshe iko wapi, na isielekee anapolala wala anapobadilishia nguo. Nimeshafunga kamera nikaambiwa niifiche ndani ya saa ya ukutani binti asijue, nikakataa nikarudisha hela. Yule ni binti wa mtu.

Kuhusu vifaa vyenyewe, usiniletee zile DVR, yani mashine za kurekodi kamera, zisizo na jina za bei chee. Mwaka 2016 kuna kirusi kinaitwa Mirai kilikusanya maelfu kwa maelfu ya kamera, DVR na rauta duniani kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani, orodha yake yote ni kama sitini na kitu, alafu tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuipiga kampuni ya Dyn, inayoelekeza simu na kompyuta zilipo tovuti, Twitter na Netflix na mitandao mingine mikubwa ikawa haifunguki kwa masaa. Moja ya pasiwedi hizo ilikuwa xc3511, na ubaya wake ilikuwa imechomekwa ndani kabisa ya kifaa, yani hata mwenye mali akibadili ile ya kwenye skrini hii nyingine inabaki palepale. Watu walikuwa na kamera ukutani inawalinda huku inafanya kazi ya mwizi usiku kucha na wao hawajui. Chukua kifaa ambacho mtengenezaji wake bado anatoa masasisho, rekodi zibaki kwenye diski ya kuhifadhia iliyo nyumbani kwako, na kamera zikae kwenye waifai yao peke yao, sio ileile ya simu na laptopu za kazi. Rauta nyingi zina ile waifai ya wageni, itumie kwa hilo.

Sasa umeme na intaneti, hapa ndo watu wa Ulaya wanaotengeneza hivi vitu hawatufikirii. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 nilikuwa na mteja Mbezi, kamera nane, kazi safi kabisa niliifanya mwenyewe, na alishamwondoa mlinzi kama unavyotaka wewe. Nilimwambia aweke inverta ya maana, akaona UPS ndogo, kale kaboksi ka betri, inatosha. Waliingia usiku umeme ukiwa umekatika tangu saa sita. Asubuhi nikaitwa nikatoe ushahidi, rekodi inaishia saa nane na dakika arobaini, picha ya mwisho ni mbwa kainua kichwa anaangalia ukuta wa nyuma. Basi, UPS ikafa hapo. Kamera nane na hatukupata hata sura moja.

Alafu ile Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilipigiwa simu na mama mmoja yuko nje ya geti lake na watoto wametoka kanisani. Geti la mota analifungulia kwenye simu, simu inauliza seva, yani kompyuta ya kampuni iliyo nje ya nchi, seva haijibu. Kila mota ina ufunguo mdogo wa kuiachia ili usukume geti kwa mkono, nikamuuliza uko wapi, akasema umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Ndani. Kijana wa jirani akaruka ukuta. Na mtu akikuuzia kifaa kinachofanya kazi kwa seva ya kampuni peke yake ujue siku kampuni ikiamua, kifaa chako kimekufa, Revolv, kampuni ya vifaa vya kuendeshea nyumba kwa simu, ilinunuliwa na Nest 2014 na Mei 2016 ikazimwa, watu wakabaki na maboksi ya dola mia tatu yasiyowasha hata taa. Mimi siku hizi nafunga vitu vinavyoongea humohumo ndani, kwa Zigbee (mawimbi ya vifaa kuongea) na Home Assistant (programu ya kuviendesha hapohapo nyumbani), intaneti ikikata taa zinawaka kama kawaida, na kitasa chochote ninachofunga lazima kiwe na tundu la ufunguo wa chuma.

Ndo mana nakwambia mzee abaki. Kamera inakuonesha kilichotokea, mzee anajua kitakachotokea. Pale Mbezi baada ya wizi jamaa alimrudisha yule mlinzi wake, mtu wa Singida, wiki haijaisha kanipigia yule mlinzi mwenyewe anasema kuna bajaji imepaki kwenye kona siku tatu jioni na haijabeba abiria hata mmoja, niangalie kwenye rekodi namba zake. Nikaangalia, zikaonekana, wakazipeleka kwa mjumbe na polisi. Hiyo ndo kamera imefanya kazi, kwa sababu kuna mtu alijua aitafutie nini. Kwa hiyo mpe mzee skrini ndogo pale kibandani, mfundishe kuangalia nyuma ya nyumba bila kuzunguka gizani, umnunulie tochi nzuri na koti la mvua. Kazi yake inakuwa nyepesi na wewe unalala. Wenye kampuni wanaouza mifumo kwa kusema "utaokoa mshahara wa mlinzi" wananikera sana, mana mshahara wa mlinzi wetu ni hela ndogo mno kuifanya hesabu ya faida, na nyuma yake kuna ada za shule.

Mdogo wako asome tu, tena asome kwa nguvu. Angalia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Zile mita zinahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndo mana nchi nzima tukaletewa zile tarakimu ndefu mbili za kuingiza kwanza kabla ya tokeni ya umeme wenyewe. Mita ilikuwa imekaa ukutani kimya miaka yote inaonekana haihitaji mtu, kumbe ilihitaji watu wa kuwaza, kuandika, kupokea simu za wazee waliokosea tarakimu, na wa kwenda mpaka kijijini kubonyeza wenyewe. Kila kifaa kinachofungwa leo kitakuja kudai mtu wa namna hiyo. Tatizo letu ni kwamba wateja wanalipia kufunga, kutunza hawalipii, na vyuoni nako vijana wanaota kutengeneza programu tu hawataki kushika bisibisi. Mwambie ajifunze mitandao, ajifunze umeme wa nyumbani, na ajifunze kuandika alichokifanya ili fundi anayekuja baada yake aelewe. Atakula. Na akiitiwa kazi ya mtandaoni ya kubonyeza "like" kwenye video inayoanza kwa yeye kutuma hela, akimbie, nimeona vijana wasomi kabisa wakiacha ada zao huko.

La mwisho ni simu yako. Ukishafunga hivi vitu, simu ndo inakuwa nyumba, humo kuna geti, kamera, barua pepe na hela. Bodaboda wakiipora mkononi Sinza wamepora vyote. Weka PIN kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu peke yake, mana mwizi anaichomoa laini anaiweka kwenye simu nyingine na namba za uthibitisho zinaingia kwake. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kuna watu wamekuta wasizozijua. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" usizijibu, itume ilivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Mzee wa getini nae mfundishe hili, simu yake ina thamani kwake kuliko yako kwako.

Umesema hujapiga plasta. Basi wiki hii mwambie fundi apitishe paipu tupu za kupitishia waya kwenda kona zote nne za nje, moja kibandani kwa mzee, moja getini, na zote ziishie sehemu moja ndani inayofungwa kwa kufuli, na pawe na nafasi ya betri. Usinunue kamera yoyote kwanza. Tupia ramani ya nyumba hapa, futa kiwanja namba na mtaa, nikuchoree pa kupita.