Maswali na majibu: Hamburg, mji wa wafanyabiashara

Swali: Hambaga ilianzia Hamburg?

Jina limetoka huko, basi. Nimeshajibu mara nne. Someni majibu ya nyuma kabla ya kuuliza.

Swali: Hamburg ipo ufukweni kama Mombasa?

Haipo. Ipo Ujerumani, kando ya mto Elbe, kilomita 100 hivi kutoka Bahari ya Kaskazini. Kilichoutajirisha mji huu ni msamaha wa ushuru, maghala na watu waliojua bei. Hata hati ya 1189, inayodai kuwa Kaizari Frederick Barbarossa aliwasamehe Wahamburg ushuru hadi baharini, wanahistoria wanaiona ya kughushi.

Swali: Biashara yao na Zanzibar ililetwa na Carl Peters?

Hapana, na tuache kuanza kila hadithi ya Wajerumani mwaka 1884, Peters alipokuja kutafuta koloni. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi Unguja tangu 1849. Ilinunua kauri, yaani makombe madogo ya baharini, za mwambao huu ikazipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha, na huko ikanunua mafuta ya mawese. Mwaka 1859 Hamburg na miji ya Lübeck na Bremen ilifunga mkataba na Sultani wa Zanzibar. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alipoolewa na mfanyabiashara wa Hamburg mwaka 1867, Wahamburg hawakuwa wageni Forodhani.

Swali: Nikifika Hamburg nianzie wapi?

Anzia Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyofunguliwa 1888. Simama darajani utazame juu: chini ya paa utaona winchi zilizokuwa zikipandisha magunia ya kahawa kutoka kwenye mashua. Lakini ujue kwamba ili yajengwe, watu wapatao 20,000 walivunjiwa makazi.

Kisha uliza habari za Agosti 1892. Mji uliojenga maghala yale uliwanywesha watu wake maji ya Elbe yasiyochujwa. Kipindupindu kilipoingia, wakubwa walichelewa kutangaza, wakihofia meli zao zitazuiwa bandari za wengine. Walikufa watu zaidi ya 8,000. Mwenye mamlaka anayeficha maradhi ili biashara isisimame ana damu mikononi, awe Hamburg au kwetu. Altona, mji wa jirani wakati huo, ulichuja maji yake kwa mchanga na haukuumia kiasi hicho. Mpakani kulikuwa na nyumba zilizohesabiwa za Hamburg lakini mabomba yake yalitoka Altona. Humo hakuugua mtu.