Ni kweli: Ed Roberts aliacha kompyuta akaenda kulima

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mtengenezaji wa kompyuta ya Altair aliishia kuwa mkulima. Alilima kweli, ila hakuishia hapo. Ed Roberts alikuwa na kampuni ya MITS huko Albuquerque, Marekani. Altair 8800 yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Popular Electronics, Januari 1975: sanduku la swichi na vitaa, halina kibodi wala skrini, kumbukumbu baiti 256 tu! Na wengi waliinunua ikiwa vipande, wakaiunga wenyewe nyumbani. Bill Gates na Paul Allen waliiandikia programu ya BASIC (lugha ya kuipa kompyuta amri), Microsoft ikaanzia hapo. Baadaye waligombana na Roberts kuhusu haki za programu hiyo.

Mwaka 1977 aliiuza MITS kwa kampuni ya Pertec, akahamia jimbo la Georgia kulima. Wasimuliaji wengi hukomea shambani, na hapo ndipo wanapomkosea, maana ndoto yake ya tangu ujana ilikuwa udaktari. Akarudi darasani akiwa ameshavuka miaka 40, akahitimu Chuo Kikuu cha Mercer mwaka 1986, akawa daktari wa mji mdogo wa Cochran. Alifariki Aprili 2010 kwa nimonia. Gates alikuwa amekwenda kumwona hospitalini, ugomvi ule wote kando.