Vyombo vya Jikoni kwa Kiingereza: Anza na Mikono

SUALI: Assalaam alaykum Bi Mwalimu, na shikamoo. Niko Wete. Baada ya alasiri nasomesha Kiingereza vijana 9 barazani kwetu. Wanataka kwenda Unguja kutafuta kazi za jikoni kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje. Niliwaandikia majina 40 ya vyombo, Kiswahili huku, Kiingereza huku. Wanayasoma yote kwa moyo, lakini nikiruka jina moja tu wanapotea. Tena mmoja kaniuliza mbuzi ya nazi inaitwaje, nikakosa jawabu. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Orodha hiyo iweke kando. Walichohifadhi ni mfuatano, na mpishi mkuu haombi vyombo kwa mfuatano.

Ingia jikoni kwenu, azima chujio la chai, chekecheke la unga, upawa, mwiko, kisu, kikaango na sufuria, uvitandaze mkekani. Vyombo 7 kwa jioni moja vinatosha. Usitaje jina likiwa peke yake. Toa amri, kijana aitende: "Strain the tea", "Stir the rice". Kitendo ndicho kinachovuta jina. Kwetu pia ndivyo: kufunika kumetupa kifuniko, kukaanga kumetupa kikaango. Kiingereza nacho hutia "-er" mwishoni: "strain" ikazaa "strainer", "grate" ikazaa "grater", "peel" ikazaa "peeler".

Hapo lakini kaa nao sana. Sisi mtu tunamjua kwa m- na chombo kwa ki-, ila Kiingereza humpa mtu na chombo mwisho ule ule. "Teacher" ni mtu, "grater" ni chombo. Basi kijana hudhani "cooker" ni mpishi, na sivyo: "cooker" ni jiko, mpishi ni "cook". Nimewasikia vijana wakienda kuomba kazi wakasema "I am a cooker", na roho huniuma, kwani kupika wanakujua. Usivuke hapo mpaka wote 9 wameshika.

Daftari lije mwisho, maana maandishi ya Kiingereza hayafuati sauti. K ya "knife" haisikiki kabisa, na "sieve", lile chekecheke, hutamkwa siv. Mwanafunzi wangu mmoja, siku yake ya kwanza hotelini, aliambiwa alete "colander", bakuli la matundu la kumwagia tambi zichuje maji. Yeye akasikia "calendar", akenda kuangua kalenda ukutani. Walimcheka jikoni kote, na kesho yake hakurudi. Mkono wake wa pilau ulikuwa mzuri, wallahi. Tangu siku hiyo maneno hayo mawili nayasomesha pamoja: bakuli la matundu mkono huu, kalenda mkono huu, mwanafunzi afumbe macho, nitaje moja, anyooshe kidole.

Ama mbuzi ya nazi, usione haya. Uingereza hakuoti minazi, hawakuwa na haja ya kukipa jina chombo hicho. Ukisema "coconut grater" hujakosea, lakini mgeni atafikiria kile kibati chenye meno cha kuparia karoti. Wafunze kueleza: "It is a low folding stool with a blade, you sit on it and grate the coconut." Asiseme "goat", mgeni atatafuta mnyama. Kifumbu nacho kielezwe hivyo hivyo: "a woven strainer for coconut milk". Kila kijana aje na chombo kimoja cha bibi yake akieleze kwa sentensi 2. Watalii hupenda kuuliza vyombo hivi hasa, na kijana anayeweza kuvieleza ataitwa mbele.

Kesho anza na chai. Waipike, waichuje, waimimine vikombeni huku wakisema kila kitendo, wainywe, kisha ndipo uwape kalamu.