Rubani Akirudi Nyumbani: Maswali na Majibu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wake na watoto wa marubani waliostaafu. Marubani wenyewe wameandika wachache. Maswali yanayojirudia yamejibiwa kwa ufupi.

Baba ametimiza miaka 65 na ana afya kuliko vijana. Kwa nini shirika limemshusha kwenye ndege? (Dar es Salaam)

Shirika halina hiari. Kikomo cha miaka 65 kwa marubani wa ndege za abiria za kimataifa kimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kabla ya 2006 kilikuwa 60. Swali hili linaletwa kila mara kama jambo geni, na tarehe ya kustaafu rubani anaijua miaka mingi kabla. Akitaka kuendelea na kazi, aulizie ualimu wa darasani au wa simulata, mashine ya kufundishia inayoigiza ndege.

Nimeruka miaka 31, na Ramadhani nyingi nilikula safarini. Sasa nataka kulipa lakini sijui ni siku ngapi. Nikadirie tu? (Mombasa)

Usikadirie kabla hujafungua logibuku, daftari la safari zako za ndege. Watu wa kazi nyingine hawana nafasi hiyo. Wewe unayo kila safari, tarehe yake, saa ya kuondoka na saa ya kutua. Chukua daftari, kila mwaka upe ukurasa wake. Andika juu siku Ramadhani ya mwaka ule ilipoanza na ilipoisha, kisha shusha safari zote zilizoangukia humo.

Wengi wanakosea kwenye saa. Logibuku huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa ya marubani, ambayo iko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Ndege iliyoondoka Nairobi saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10 utaikuta imeandikwa 22:30 ya tarehe 9. Usipoongeza saa tatu, utahesabu siku ambayo siyo.

Saa hiyohiyo ina jambo zito zaidi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, ruhusa ya kula ni ya aliyeanza safari kabla ya alfajiri. Kama uliamka umefunga, ukaondoka saa nne asubuhi, ukala angani, siku ile haikuwa na ruhusa. Utailipa kama nyingine, na uombe toba. Hali kadhalika, ukifika mji ukiwa umenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, usafiri wako umekatika.

Kisha kuna kibaba. Aliyekuwa na nafasi ya kulipa akachelewesha mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, kila siku anayodaiwa ina kadha yake, yaani funga ya kuilipa, pamoja na kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, kwa mfano mchele. Usiseme ulikuwa safarini daima. Rosta ya rubani ina siku za mapumziko kila mwezi, na logibuku yako itazionyesha hizo pia. Je, kibaba kinaongezeka kwa kila mwaka uliopita? Mwulize kadhi au sheikh wako, maana wanazuoni wamehitilafiana.

Katika kulipa, Jumatatu na Alhamisi peke yake zinakupa siku 90 na ushei kwa mwaka, ukishatoa Ramadhani na siku za Idi. Deni la siku 200 ni la miaka miwili na kidogo. Ukiwa unatumia dawa za sukari au presha, muone daktari kwanza apange upya saa za dawa. Na swala za rakaa nne zilizokupita safarini, ukizilipa ukiwa nyumbani utaswali rakaa nne kamili, kwani kupunguza ni kwa aliye safarini.

Mume wangu hatusikii mezani, lakini taarifa ya habari anaisikia vizuri. Anatupuuza? (Tanga)

Hawapuuzi, mama. Kelele za injini na redio za miaka mingi huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, kati ya 3,000 na 6,000 Hz (mitetemo kwa sekunde) hivi. Herufi kama s, sh, f na t zinategemea sauti hizo. Vokali ziko chini zaidi, nazo zinabaki. Kwa hiyo anasikia kuwa mtu anasema, ila *suka*, *shuka* na *fuka* kwake zinakuwa neno moja. Msomaji wa habari anasema peke yake, kwa matamshi safi. Mezani mko watu sita na sufuria zinagongana.

Kupiga kelele hakusaidii, kunakuza vokali tu. Kaa mbele yake, mwanga ukuangukie usoni, zima redio, kisha sema taratibu. Mpeleke akapimwe usikivu, na nta isafishwe kabla ya kipimo. Akiandikiwa vifaa vya masikio yote mawili, anunue vyote viwili, aanze kwa saa chache kwa siku nyumbani penye utulivu. Wanaovivalia arusini siku ya kwanza huviweka kabatini moja kwa moja. Vile vya kukuza sauti vinavyouzwa barabarani bila kipimo mviache kabisa. Msikitini au kanisani akae safu ya mbele. Mzee asiyesikia huanza kujitenga, halafu ndugu wanasema amekuwa mkali.

Tangu astaafu baba anatoa amri nyumbani kama yuko kwenye ndege. Mama amechoka. (Arusha)

Mkumbusheni mafunzo yake mwenyewe. Tarehe 27 Machi 1977, uwanjani Tenerife, kisiwa cha Hispania, kapteni wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, mwenye uzoefu mkubwa alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Fundi mitambo wake aliuliza kama ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo, akanyamaza. Watu 583 walikufa. Ajali ile ni mojawapo ya sababu zilizofanya mashirika yaanze kuwafundisha marubani kwamba msaidizi akiona kasoro lazima aseme, na kapteni lazima asikilize. Baba yako ameyafanyia mtihani mafundisho hayo mara nyingi, na mama yako anastahili haki ileile.

Mpeni kazi zenye mipaka: bima ya gari, tangi la maji, karo, siku za kliniki. Jiko na hesabu ya soko, ambavyo mama ameviendesha peke yake miaka yote, asiviguse mwaka mzima. Nanyi watoto mjitazame. Mlizoea kupokea masanduku ya zawadi, sasa mwenyewe amekuja kukaa na hamna la kuzungumza naye.

Parokia inataka baba awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na ana mwezi mmoja tu tangu astaafu. (Moshi)

Akatae mwaka huu. Jumapili nyingi alikuwa angani, aanze kwa kuhudhuria jumuiya ndogo ndogo kama muumini wa kawaida.

Tunakwenda umra kwa ndege. Tutahirimia Jeddah? (Zanzibar)

Kwa wanazuoni wengi, hapana. Anayetoka kwetu moja kwa moja hupita mkabala wa Yalamlam, mpaka usiopitwa bila kuhirimia, kabla ya kutua, na ndege iendayo kilomita 900 kwa saa inakata kilomita 15 kila dakika. Vaa shuka kabla ya kupanda, nia na talbiya uziwahi angani. Ukiwa na rubani mstaafu ndani ya msafara, mwachie yeye hesabu hiyo.

Mwanangu anashauri mafao yote tununue ndege ndogo ya kukodisha. (Nairobi)

Usifanye hivyo. Injini ya Cessna Caravan, kwa kipimo cha msingi cha mtengenezaji, inafumuliwa kila baada ya saa 3,600 za kuruka. Fedha zake zinatakiwa kutengwa tangu saa ya kwanza, mbali na bima, mishahara na kibali cha biashara. Kurusha ndege na kuendesha kampuni ni fani mbili. Mpango wa pensheni nchini Kenya unakuruhusu hadi theluthi moja taslimu, na hiyo nayo ina mama wa watoto wako ndani yake.

Nimewatamkia watoto wosia wangu kwa mdomo. Unatosha? (Nakuru)

Kwa asiye Mwislamu nchini Kenya, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na unafaa tu ukifariki ndani ya miezi mitatu tangu kuutamka. Uandike, utie saini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo. Mwislamu anausia kisichozidi theluthi, tena kwa asiye mrithi. Vilevile kaangalie fomu ya mteule wa pensheni, yaani atakayeipokea ukifariki. Wengi waliijaza wakiwa makapera, na jina lililomo ni la mzazi aliyekwisha kufariki.

Rubani mstaafu anaweza kuwarusha wajukuu? (Malindi)

Anaweza, akiwa na leseni hai, cheti cha afya cha daraja la pili na kuruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Lakini aanze na mwalimu. Macho yaliyozoea kutua yakiwa mita kadhaa juu ya lami humfanya ainue pua mapema mno, na ndege ndogo ikaishiwa mwendo ingali hewani. Wajukuu wapande mwalimu akisharidhika.