Shamba nalima mimi, jina anaandikwa yeye peke yake

Barua za ardhi zimejaa mezani mwezi huu kuliko za mapenzi, sijui mmeachana na mapenzi au wapimaji wamewafikia wote kwa pamoja. Leo najibu mbili, moja kwa urefu.

Shikamoo Mama Mkubwa. Mi nipo kijijini huku Iringa, ndoa yangu ina miaka 14 na watoto watatu. Shamba letu ekari 4, mbili tulipewa na baba mkwe, mbili tulinunua kwa hela ya nguruwe na hao nguruwe nilikuwa nafuga mimi. Sasa mwenyekiti katangaza wapimaji wanakuja kwa ajili ya hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji. Mume wangu anasema ataandika jina lake na la kijana wetu mkubwa ambaye ana miaka 12. Nikiuliza naambiwa mwanamke ni wa kuja, na mama mkwe anadakia eti nataka mwanae afe nirithi. Ndoa yangu naipenda na ugomvi sitaki, ila usingizi sipati. Nifanyeje?
*Wa Kuja, Iringa*

Marahaba mwanangu. Miaka 14 bado wa kuja? Basi hao wapimaji tuwaiteje.

Nianze na sheria kwa kifupi maana najua ndo unayoitaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili, hata kama wazee wameikalia kikao wakanywa na ulanzi. Alafu hiyo habari ya nguruwe usiidharau. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilisema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, sasa wewe umetoa kazi za nyumbani na jembe na nguruwe juu.

Ila sheria ukiipeleka nyumbani kama fimbo, utashinda shamba upoteze chakula cha jioni. Mi naona cha muhimu kwako ni siku. Yaani siku ya kupima, uwepo pale shambani.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishawahi kuangalia zoezi hili likifanyika. Kijana wa vipimo anatembea na simu anachukua pointi kila kona, wajumbe wa kamati ya uhakiki wa ardhi wanamfuata, majirani wa pande zote wanasimama kwenye mpaka wanakubali, huu mkatani ndo mwisho wangu, ule mparachichi ndo mwisho wake. Alafu wanakaa chini ya mti wanajaza fomu, jina la mwenye shamba nani. Siku ile mwenye nyumba mwanamke alikuwa kapika chai na viazi, kawahudumia wote vizuri, na fomu ilipokuwa inajazwa alikuwa pembeni anaosha vikombe. Hakuna aliyemkataza jamani! Hakuulizwa tu, na yeye hakusema, na jina likaingia moja. Mambo mengi ya huku vijijini yanaharibika kimya kimya hivyo hivyo, hamna hata mtu aliyekunja ngumi.

Kwaiyo wewe vikombe mwachie mtoto. Nenda na kitambulisho chako cha taifa au cha mpigakura, simama kwenye mpaka na majirani, na fomu ikifika kwenye jina sema kwa sauti ya kawaida, tuandike wote wawili. Fomu inaruhusu. Na kwenye ile kamati ya uhakiki sheria inataka wajumbe 9 na wanawake wasiopungua 4, watafute hao akina mama kabla ya siku yenyewe, kaa nao hata kisimani, wajue shida yako ili ukiongea usiwe peke yako. Na ikitokea umepitwa, majina huwa yanabandikwa ofisi ya kijiji watu wayaone na kuweka pingamizi, usisubiri mpaka hati imeshagongwa muhuri maana hapo kuirekebisha ni nauli na miezi.

Mume wako sasa. Usimwambie "haki yangu", mwambie "kaka zako". Muulize taratibu usiku, "baba fulani, ukitangulia wewe leo hii, kijana wa miaka 12 atawaweza baba zake wadogo?" Mtoto hajafika miaka 18, lazima awepo mtu mzima wa kumsimamia, na ukoo ukikaa msimamizi hatakuwa wewe wala mimi. Mkiandikwa mke na mume kama wamiliki wa pamoja, mmoja akifa shamba linabaki kwa aliye hai bila kuzungushwa. Na hilo linamlinda na yeye pia ukitangulia wewe, mwambie na hilo, wanaume huwa wanasahau kwamba na sisi tunakufa.

Mama mkwe mwache aseme. Muulize tu siku moja mkiwa mnachambua mboga, yeye alipofiwa na mzee shamba liligawanywa vipi. Unaweza kukuta mmeongea mpaka giza.

Mama Mkubwa habari za kazi. Mimi ni baba wa mabinti watatu, Kagera, wa kiume sina. Kaka zangu wameshaanza kunihesabia, wanasema kibanja ni cha ukoo na mabinti hawawezi kuachiwa. Ni kweli?
*Baba Mabinti*

Nzuri kaka yangu. Jibu la swali lako lilitoka huko huko kwenu. Bibi mmoja wa Kihaya aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, uzeeni akakosa wa kumtunza akaliuza, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kwamba mwanamke hauzi shamba la ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, akasema mwanamke ana haki ile ile aliyonayo mwanaume. Hiyo ni kesi ya Ephrahim na Pastory, mwombe msaidizi wa kisheria wa kata yenu akusomee.

Ila angalia, yule bibi alikuwa na wosia. Ukifa bila wosia, ile amri ya sheria za kimila ya mwaka 1963 bado inawaweka mabinti mwisho kabisa kwenye mgao, na kaka zako wanaijua vizuri. Kwaiyo andika ukiwa na akili timamu, weka mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, nakala moja iache nje ya nyumba. Au usisubiri kufa. Wakatie mabinti vipande vyao sasa hivi, halmashauri ya kijiji iridhie, kila mmoja apate hati kwa jina lake, na hao kaka zako waite waje kusimama mpakani siku ya kupima wasaini kama majirani.